Tiba ya protoni na ioni nzito kwa saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Protoni inatofautiana vipi na mionzi ya kawaida ya hospitali?

Zote mbili ni tiba ya mionzi, na zote huua seli kwa kukata vinasaba vyake. Tofauti iko kwenye kile kinachorushwa. Mashine ya LINAC, kama zile za hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, hurusha eksirei zenye nguvu kubwa. Eksirei haina mahali pa kusimama. Huingia upande mmoja wa mwili, huacha dozi yake kubwa sentimita chache chini ya ngozi, kisha hupungua polepole hadi inapotokea upande wa pili. Kila kilicho nyuma ya uvimbe hupata sehemu yake, kiwe kina ugonjwa au hakina.

Protoni ni kiini cha atomu ya haidrojeni. Ina uzito na ina chaji. Inapoingia mwilini ikiwa na nishati ya MeV 230 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) huwa inakwenda karibu asilimia 60 ya kasi ya nuru, na kwa mbio hizo haiachi nishati nyingi njiani. Kadiri inavyopungua kasi ndivyo inavyomwaga zaidi, na kwenye milimita za mwisho humwaga kwa wingi kupita sehemu nyingine yoyote ya safari, kisha inasimama. Mahali hapo panaitwa kilele cha Bragg, kwa jina la mwanafizikia William Henry Bragg aliyekiona mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akichunguza chembe za alfa. Mbele ya kilele hakuna protoni tena.

Kina cha kusimama hupangwa kwa nishati. Kwenye maji, protoni za MeV 70 husimama kwenye sentimita 4 hivi, za MeV 150 kwenye sentimita 16, na za MeV 230 kwenye sentimita 33. Nyama ya mwili hufanana na maji kiasi cha kutosha kuanzia hesabu. Mfupa na hewa havifanani nayo, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo.

Kilele kimoja ni chembamba mno kwa uvimbe wa sentimita 6. Kwa hiyo uvimbe hupakwa tabaka kwa tabaka: mashine huanza na tabaka la mbali kabisa, sumaku zikiupeleka mwale huku na huku nukta kwa nukta, kisha nishati inashushwa kidogo na tabaka linalofuata linapakwa. Lakini kila tabaka lina njia yake ya kuingilia, na dozi za njia hizo hujumlishana. Ndiyo maana si kweli kwamba protoni haigusi chochote kabla ya uvimbe. Ngozi ya upande wa kuingilia inaweza kupata dozi kubwa kuliko ambayo ingepata kwa eksirei.

Ioni nzito ni protoni zenye nguvu zaidi?

Hapana, ni chembe nyingine. Katika tiba ya saratani, mtu akisema ioni nzito karibu kila mara anamaanisha kaboni, ambayo kiini chake kina uzito mara 12 ya protoni. Uzito huo huleta mambo matatu.

Kwanza, haiyumbi njiani. Kwenye kina cha sentimita 20 mwale wa protoni huwa umeshatanuka kingo, wakati wa kaboni bado umebana. Pili, humwaga nishati yake kwa msongamano mkubwa, hivyo nyuzi zote mbili za DNA hukatika sehemu kadhaa zilizokaribiana, na seli inashindwa kujiunga upya. Kwa hesabu za kliniki, protoni hupewa uzito wa kibaolojia, yaani ukali wa dozi ileile kwa seli, wa 1.1 ukilinganisha na eksirei. Kaboni kwenye kilele chake hufika takriban 2 hadi 3. Tatu, haitegemei sana oksijeni. Katikati ya uvimbe mkubwa kuna seli zinazopata damu kidogo, nazo hustahimili eksirei kuliko zile zenye oksijeni ya kutosha. Kaboni haizibagui kiasi hicho.

Kasoro yake ni kwamba baadhi ya viini vya kaboni hugongana na viini vya mwili na kuvunjika. Vipande hivyo vyepesi huendelea mbele ya kilele na kuacha mkia mdogo wa dozi, kwa hiyo kinyume na protoni, nyuma ya uvimbe hapabaki pasafi kabisa.

Neoni ilijaribiwa Berkeley, Marekani, kuanzia miaka ya 1970 hadi mashine ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Heliamu imerudi kutumika Heidelberg, Ujerumani, tangu 2021.

Je, bado ni majaribio?

Protoni si majaribio. Mwanafizikia Robert Wilson alilitoa wazo hilo 1946, mgonjwa wa kwanza akatibiwa Berkeley 1954, na 1990 hospitali ya Loma Linda huko California ikawa ya kwanza Marekani kuwa na mashine yake yenyewe badala ya kuazima ya wanafizikia. Kaboni ilianza kutumika Chiba, Japani, 1994. Zaidi ya watu 300,000 wameshatibiwa kwa chembe hizi duniani.

Ila “si majaribio” na “ni bora kwa saratani yangu” ni mambo mawili tofauti. Matangazo ya vituo hupenda kuyachanganya.

Ni saratani zipi hasa zinazofaidika?

Jiulize swali moja: nyuma au pembeni ya uvimbe kuna nini ambacho kikipigwa mionzi kitamharibia mgonjwa maisha? Kama kipo, protoni ina kazi ya kufanya. Kama hakipo, utalipia fizikia nzuri bila faida.

Watoto ndio wa kwanza kwenye orodha. Chukua meduloblastoma, uvimbe wa nyuma ya ubongo. Baada ya upasuaji, ubongo wote na uti wa mgongo wote hupigwa mionzi, kwa kawaida Gy 23.4 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha dozi) kwa wenye hatari ya wastani au 36 kwa wenye hatari kubwa, kisha pale uvimbe ulipokuwa huongezewa hadi Gy 54 hivi. Kwa eksirei, mionzi inayoingilia mgongoni hutokea mbele kupitia moyo, mapafu, tezi ya koo, utumbo, na kwa msichana pengine ovari. Kwa protoni, mwale husimama kwenye mfupa wa uti wa mgongo, na mwili wa mbele hubaki karibu bila kuguswa. Mtoto wa miaka 6 ana miaka 60 au 70 mbele yake ambamo dozi hiyo ingeweza kuzaa saratani nyingine.

Kordoma na kondrosakoma, saratani za mifupa na gegedu, za sakafu ya fuvu ni za pili. Zinahitaji dozi ya Gy 70 na zaidi, na shina la ubongo na mishipa ya macho viko milimita chache tu pembeni. Melanoma ya ndani ya jicho nayo ni mfano maarufu: vipande vidogo vya madini ya tantalamu hushonwa nyuma ya jicho kuonyesha mipaka ya uvimbe, kisha hutolewa Gy 60 kwa vipindi 4 tu ndani ya wiki moja. Uvimbe hudhibitiwa kwa takriban asilimia 95, na wengi hubaki na jicho lao. Kwa Waafrika saratani hiyo ni nadra sana. Saratani ya jicho tunayoiona kwa watoto wetu ni retinoblastoma, ambayo mara nyingi hutibiwa kwa dawa, leza au upasuaji, na protoni huingia kwa wachache.

Halafu wako waliowahi kupigwa mionzi na uvimbe umerudi palepale, wenye saratani ya ini ambao sehemu ya ini iliyobaki na afya ni ndogo, na wenye uvimbe wa pua na sinasi unaokaribia macho.

Kaboni hutafutiwa uvimbe sugu kwa eksirei na usioweza kukatwa: kordoma ya mfupa wa kiuno, sakoma za mifupa na misuli, na baadhi ya saratani za tezi za mate. Japani bima ya taifa ilianza kulipia kaboni kwa sakoma zisizofanyiwa upasuaji, na protoni kwa watoto, Aprili 2016.

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Tumpeleke kwenye protoni?

Hapana. Tiba yake ni mionzi ya nje pamoja na dawa ya saratani ya sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani, yaani chanzo chenyewe cha mionzi kinawekwa ukeni na kwenye kizazi, kikigusana na uvimbe. Hakuna mwale wa kutoka nje unaoshinda kitu kilichowekwa palepale. Kinachoamua ni kumaliza yote ndani ya wiki 8. Familia inayotumia miezi 3 kuchangisha nauli ya kwenda nje imempotezea mgonjwa kitu kikubwa kuliko chochote ambacho protoni ingempa.

Na tezi dume?

Kwa miaka mingi ndiyo iliyojaza vituo vya Marekani. Utafiti mmoja wa huko uliogawa wanaume 450 kwa bahati nasibu kati ya protoni na eksirei za kisasa ulitoa matokeo 2024: baada ya miaka 2 hakukuwa na tofauti katika matatizo ya haja kubwa, na udhibiti wa saratani ulikuwa sawa. Kama LINAC nzuri iko karibu nawe, usiuze shamba.

Saratani ya umio, ambayo ni nyingi kwetu?

Hapa pana jambo. Umio uko katikati ya moyo na mapafu, na madhara ya mionzi kwenye viungo hivyo ni ya kweli. Utafiti wa Houston uliochapishwa 2020 uligundua kuwa mzigo wa jumla wa madhara ulikuwa mara 2.3 zaidi kwa waliopata eksirei kuliko waliopata protoni. Lakini muda wa kuishi bila ugonjwa kusonga mbele ulikuwa uleule. Na wagonjwa wetu wengi wa umio hufika hospitali wakiwa hawamezi hata uji; wanachohitaji kwanza ni mrija wa kupitisha chakula na lishe, si safari ya saa 8 angani.

Na saratani iliyosambaa, au ya damu?

Protoni ni tiba ya mahali pamoja. Iliyosambaa na ya damu hutibiwa hasa kwa dawa.

Vituo viko wapi? Afrika Mashariki vipo?

Afrika Mashariki hakipo. Barani Afrika, maabara ya iThemba karibu na Cape Town ilitibu kwa protoni kuanzia 1993 ikitumia saiklotroni (mashine ya kuzipa chembe kasi) ya MeV 200 ya utafiti, na wagonjwa walipita 500 kabla huduma haijasimama. Kwa Watanzania na Wakenya, njia iliyozoeleka ya rufaa ni India, na huko kituo cha protoni cha Apollo jijini Chennai kilifunguliwa Januari 2019. Tata Memorial nao wana chao Navi Mumbai. Walioko Uingereza hutibiwa na huduma ya taifa Manchester tangu Desemba 2018 na London tangu 2021, bila kulipa, mradi aina ya saratani imo kwenye orodha.

Vya protoni vimepita 100 duniani. Vya kaboni ni vichache sana, Japani ndiyo yenye vingi zaidi, vilivyobaki viko China, Korea Kusini, Taiwani, Ujerumani (Heidelberg na Marburg), Italia (Pavia) na Austria (Wiener Neustadt). Sababu inaonekana kwa macho. Fremu ya Heidelberg inayozungusha mwale wa kaboni kumzunguka mgonjwa ina tani 670, na tani 600 kati ya hizo huzunguka. Ukuta wa zege wa chumba hufika mita kadhaa kwa ajili ya kuzuia nyutroni, chembe zinazozalishwa mwale unapogonga vitu.

Kituo cha nje kitataka nitume nini?

Majibu ya kinyama kilichokatwa, na mara nyingi kinyama chenyewe kikiwa ndani ya kitofali chake cha nta, kwa sababu watakisoma upya. Ripoti ya upasuaji. Picha za CT na MRI katika faili zake halisi za DICOM (muundo wa kompyuta wa picha za hospitali), kwenye CD au flashi. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani na kutumwa WhatsApp haisaidii kitu. Daktari hawezi kuipima wala kuipitia tabaka kwa tabaka.

Kama umewahi kupigwa mionzi, leta kumbukumbu yake yote: dozi ya jumla, idadi ya vipindi, tarehe, na faili za mpango. Kwa waliotibiwa kwenye mashine ya zamani ya mionzi ya kobalti, kadi yenye ukubwa wa eneo na pembe ndiyo kila kitu, itunze. Kama una chuma mwilini, tafuta karatasi inayosema ni titani au ni chuma cha pua. Kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, leta kadi yake, kwani nyutroni huweza kukichanganya.

Maandalizi yanachukua muda gani na yanafanyikaje?

Hesabu siku 7 hadi 14 kati ya kufika na kipindi cha kwanza.

Kwa kichwa na shingo hutengenezwa barakoa. Ni bamba la plastiki lenye matundu linalolainishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 70 hivi, likavutwa juu ya uso na kufungwa mezani. Huwa la uvuguvugu na zito kama taulo lililolowa, likikaza polepole kwa dakika kadhaa. Usitabasamu wala usiume meno, maana utalala humo ukiwa na sura hiyohiyo mara 30.

Kisha CT ya vipande vya milimita 1 hadi 2. Hiyo ndiyo ramani ambayo kompyuta hugeuza weusi na weupe wa picha kuwa uwezo wa kila tishu kuzuia protoni. Ugeuzaji huo una kosa la takriban asilimia 3.5, na hapo ndipo pana siri ya ufundi wote. Kwenye kina cha sentimita 10 kosa hilo ni milimita 3.5: eksirei isingejali, lakini protoni inayosimama milimita 3 kabla imeacha uvimbe bila dozi, na inayopita milimita 3 imeingia kwenye shina la ubongo. Kwa hiyo mpango mzuri hujaribiwa kwa makusudi: mwili unasogezwa milimita 3 kila upande kwenye kompyuta, kina kinaongezwa na kupunguzwa asilimia 3.5, na mpango unaoporomoka unatupwa. Pia mwanafizikia anayejua kazi hakubali pembe ambayo mwale wake unasimama kikomo mbele ya kiungo nyeti kama kuna pembe nyingine.

Meno yaliyozibwa kwa chuma na skrubu za uti wa mgongo hutoa mistari myeupe na myeusi kwenye picha, na kompyuta huisoma kama mfupa au hewa. Mistari hiyo husahihishwa kwa mkono. Baadhi ya wapasuaji sasa huweka skrubu za nyuzi za kaboni kwa mgonjwa anayejulikana kuwa atakwenda kwenye protoni, jambo la kumuuliza kabla ya upasuaji, si baada.

Mwisho, mpango wa kila mgonjwa hupigwa kwanza kwenye maji au plastiki yenye vipima mionzi, bila mtu. Usipolingana na hesabu, mgonjwa huanza siku nyingine.

Nywele zangu nimesuka rasta. Nifumue?

Ndiyo, kabla ya barakoa, na zibaki vilevile hadi mwisho. Barakoa iliyotengenezwa juu ya twende kilioni haitakaa sawa wiki ya tatu ukiwa umefumua. Kichwa kitacheza ndani yake. Zaidi ya hapo, nywele za bandia zilizokusanywa kisogoni ni unene wa ziada ambao protoni lazima ipite, na kila unene unarudisha nyuma mahali pa kusimama. Wigi, kilemba na hijabu huvuliwa chumbani. Omba wahudumu wanawake mapema, vituo vingi huweza kupanga. Mafuta mazito na krimu za zinki usipake saa chache kabla ya kipindi.

Kila siku inakuwaje?

Unakaa chumbani dakika 20 hadi 45, ila mwale wenyewe huwaka dakika 1 au 2 kwa kila pembe. Muda mwingine wote ni wa kukupanga: eksirei za kuhakiki au CT ndogo, kisha meza inasogezwa sehemu za milimita. Hakuna maumivu. Utasikia mivumo na kugonga-gonga. Baadhi ya wanaotibiwa karibu na jicho au pua huona mwanga wa bluu au hunusa harufu kama ya klorini, nayo haimaanishi kitu kimeharibika.

Ni siku 5 kwa wiki, kwa kawaida wiki 6 hadi 7. Kaboni ni fupi zaidi. Japani vipindi 16 ndani ya wiki 4 ni vya kawaida kwa sakoma, na kwa saratani ndogo ya pafu wamewahi kutoa Gy 50 kwa siku moja tu.

Nini hukwamisha matibabu katikati?

Mwili kubadilika. Mgonjwa akikonda kilo 5, barakoa inalegea na nyama iliyokuwa njiani haipo, protoni inapenya ndani zaidi. Mafua yakijaza sinasi kwa ute, pale palipokuwa na hewa sasa pana maji na protoni inasimama mapema. Gesi tumboni hufanya kinyume chake: protoni inapenya zaidi. Ndiyo maana CT hurudiwa kila wiki 1 au 2, na mpango ukibidi hufanywa upya. Kituo kisichorudia CT ya mgonjwa wa kichwa na shingo kwa wiki zote 7, kishuku.

Kupumua ni tatizo la peke yake. Mwale unapaka nukta kwa nukta huku uvimbe wa pafu au ini ukipanda na kushuka sentimita 1 au 2. Nukta moja inapigwa mara mbili na jirani yake inarukwa. Dawa yake ni kubana pumzi, kuwasha mwale pumzi ikiwa nje tu, au kupaka tabaka moja mara kadhaa ili makosa yajisawazishe.

Kisha mashine yenyewe. Mara nyingi saiklotroni moja hulisha vyumba vyote, ikizima wote wanasimama. Kwa saratani za kichwa na shingo kila siku ya kuchelewa hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Uliza kabla ya kulipa: mashine ikizima siku 3, je, mna mpango wa akiba wa LINAC uliokwisha tayarishwa?

Mtoto wa miaka 3 atatuliaje?

Kwa nusu kaputi, kila siku, mara 30. Chakula kizito saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 1 au 2 kulingana na kituo. Huwekewa mrija wa kudumu kifuani ili asichomwe sindano kila asubuhi. Homa au kikohozi huahirisha kipindi. Watoto wa miaka 5 au 6 wengi huweza bila nusu kaputi wakifundishwa: mpe barakoa aipake rangi na kucheza nayo wiki moja kabla.

Madhara ni yapi?

Uchovu, ngozi kuungua upande wa kuingilia, nywele kutoka pale mwale ulipopita, vidonda mdomoni kama njia ni hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia weusi unaoongezeka, joto, na ngozi kubanduka, na useme mapema. Ya baadaye ni mazito zaidi: tezi ya pituitari (tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo) kuchoka, kusikia au kuona kupungua, mbavu kuvunjika, na sehemu ya ubongo kufa. Kwenye milimita za mwisho kabisa uzito wa kibaolojia wa protoni hupanda juu ya ile 1.1 ya kwenye karatasi, sababu nyingine ya kutousimamisha mwale mbele ya shina la ubongo.

Nitatoka na mionzi mwilini? Naweza kumbeba mjukuu?

Mbebe. Protoni huacha oksijeni na kaboni kidogo zenye mionzi, ambazo nusu yake huisha kwa dakika 2 na dakika 20. Ukifika getini hakuna cha kuhofia.

Bei ikoje?

Makumi ya maelfu ya dola, kutegemea nchi na idadi ya vipindi. Bei ya kituo iulizwe kwa maandishi, ikionyesha kama imejumuisha CT za kurudia, mpango mpya ukihitajika, nusu kaputi, na dawa. Familia husahau wiki 8 hadi 10 za pango, chakula na viza ya msindikizaji. Rufaa ya serikali hupitia hospitali ya taifa na Wizara ya Afya. Kwenda kwanza kisha kuomba kurudishiwa mara nyingi hushindikana.

Nisubiri protoni au nianze nyumbani?

Muulize daktari bingwa wa mionzi maswali mawili: ugonjwa huu unakimbia kwa kasi gani, na mpango wa eksirei unapitisha dozi ya hatari kwenye kiungo gani? Akiweza kukitaja kiungo na namba, safari ina hoja. Kondrosakoma inaweza kungoja wiki kadhaa. Meduloblastoma haistahili kukaa zaidi ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji. Uganda ilipoharibikiwa na mashine yake pekee ya kobalti 2016, nchi nzima ilibaki bila mionzi, na hapo hakuna aliyekuwa akijadili aina ya chembe. Mionzi ya kawaida inayoanza wiki ijayo huishinda protoni ya mwakani, karibu kila mara. Na usianze nusu nyumbani ukitegemea kumalizia nje bila madaktari wa pande zote mbili kukubaliana dozi.

Nikirudi nyumbani nibebe nini?

Muhtasari wenye dozi ya jumla, idadi ya vipindi na tarehe, na faili za DICOM za mpango na dozi, nakala mbili. MRI ya kwanza kwa kawaida ni baada ya miezi 3. Kati ya mwezi wa 3 na wa 12, picha ya ubongo wa mtoto huweza kuonyesha doa jipya linalong'aa pale mwale uliposimama, na wengi wameambiwa saratani imerudi kumbe ni athari ya mionzi inayopungua yenyewe. Kabla ya kukubali upasuaji au dawa mpya, ramani ya dozi iwekwe juu ya MRI hiyo na itazamwe na kituo kilichotibu. Vipimo vya homoni na kusikia vifanyike kila mwaka, na urefu wa mtoto upimwe ukutani kila miezi 6. Ukisimama kukua, pituitari ichunguzwe.